Kizibao cha Sufu Birmingham: Mashine Inalipa Lini?

Ukikaa Birmingham, kizibao cha sufu kinakuhusu hata kama nyumbani hukuwahi kukivaa. Mzee anayekwenda sala ya Ijumaa kwenye Msikiti Mkuu wa Belgrave Middleway anakivaa juu ya kanzu na chini ya koti. Dada anayefanya zamu hospitali, ambako kanuni za usafi zinataka mikono iwe wazi kuanzia kiwiko kushuka, hana la kufanya na sweta la mikono mirefu. Ndani ya basi la alfajiri kizibao ndicho kinachomkinga kifua. Na kizibao cha ribu, yaani ile mistari ya wima inayobonyea na kuinuka, kinashika mwili bila kukaba na kinarudi mahali pake kikivutwa. Hayo hayana ubishi. Ubishi uko kwenye pesa: ununue, ufume kwa mkono, utafute mashine, au umpe fundi kazi?

Bei za chini tuzimalize mapema. Mji huu ndio wenye Primark kubwa kuliko zote duniani, iliyofunguliwa High Street Aprili 2019, na ukizunguka maduka ya nguo rahisi ya katikati ya mji utapata kizibao kwa pauni zisizozidi 20. Hakuna mashine ya nyumbani itakayoshinda bei hiyo, maana sufu peke yake, kabla hujaigusa, itakula karibu kiasi hicho hicho. Ila soma lebo ya ndani. Sheria inataka aina za nyuzi ziandikwe kwa asilimia, na mara nyingi neno la sufu lililoandikwa kwa herufi kubwa mbele hugeuka kuwa sufu asilimia 10 na akriliki tupu kwenye lebo ndogo. Akriliki si haramu. Inafuliwa bila hofu na nondo haigusi. Lakini kwapani inatoa vifundo, na ukitoka jasho kwa kulikimbilia basi inakuachia ubaridi mgongoni. Sufu hunyonya mvuke unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Kwa mji wenye manyunyu yasiyokwisha, hiyo ndiyo sababu ya kuifuata.

Njia nyingine ya bei nafuu Waswahili hatuhitaji kufundishwa: mitumba. Zunguka maduka ya hisani ya Kings Heath, Harborne au Erdington kabla baridi haijakolea, na kizibao cha sufu ya mwanakondoo kilichovaliwa mara chache utakipata kwa bei ya chakula cha mchana. Kinyanyue kielekee dirishani. Tundu dogo kama kichwa cha pini ni alama ya nondo, na kwenye ribu tundu hilo halikai pale pale, linafumuka kushuka chini kama ngazi. Ukifika nacho nyumbani kitie kwenye mfuko, kikae ndani ya friza kwa wiki mbili kabla hakijakutana na nguo nyingine. Nasema waziwazi: kama haja yako ni kizibao kimoja tu cha sufu halisi, na hushindani na mtu juu ya rangi, simama hapa. Usinunue mashine, usinunue sindano.

Wanaoendelea na hesabu hii ni wengine. Ni wale ambao vipimo vyao havipatikani dukani: mabega mapana na kiwiliwili kifupi, au tumbo lililotangulia. Ni wenye familia ya watu sita wanaotaka vizibao vya namna moja kwa harusi ya Desemba. Ni wale wenye jicho la biashara. Kwao kipimo cha kulinganisha ni kizibao kipya cha sufu ya mwanakondoo cha dukani, na kwa hesabu zote zinazofuata tuseme ni pauni 55. Vipo vya chini ya hapo wakati wa punguzo, na vipo vya juu sana, lakini tushike hapo.

Kuna jambo la kodi linalowapita wengi. Nguo za watoto wadogo Uingereza hazitozwi VAT; za watu wazima zinatozwa asilimia 20, na uzi wa kufumia vilevile, hata kama unamfumia mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo mama anayefuma kizibao cha mwanawe analipa kodi ambayo mwenzake aliyekwenda dukani hailipi. Vizibao vya watoto ndivyo vinavyofumwa kwa raha zaidi na ndivyo visivyolipa kabisa.

Kufuma kwa mkono ndiyo njia yenye gharama ndogo ya kuanzia: sindano ya mzunguko na uzi, basi. Kinachouma ni saa. Chukua kizibao cha mtu mzima cha uzi mwembamba, ule unaouzwa kwa jina la 4-ply. Mbele vitanzi 150, nyuma 150, mistari 240 kila upande. Ukitoa kwapa na shingo unabaki na vitanzi kama 60,000, na kwenye ribu kila baada ya vitanzi viwili uzi unahamishwa mbele au nyuma ya sindano. Mwenye mkono mwepesi anayepiga vitanzi 25 kwa dakika atatumia saa 40. Kwa mtu anayefuma huku anaangalia mpira, saa hizo si hasara. Kwa anayetaka vizibao sita kabla ya Desemba, ni balaa.

Ndipo tunafika kwenye mashine, na hapa wengi wanaponzwa na picha za mtandaoni. Mashine ya duara ya plastiki inayozungushwa kwa mkono, iwe Sentro ya Kichina au Addi ya Kijerumani iliyo ghali zaidi, inavutia kwa sababu mtoto anaweza kuizungusha. Inafuma kofia na skafu kwa dakika chache. Ribu haiwezi. Sindano zake zote zimesimama upande mmoja, na ribu inahitaji vitanzi vingine vivutwe kuelekea mbele na vingine nyuma. Utapata bomba lililonyooka, kisha ukae na sindano ya mkono ukiangusha vitanzi na kuvipandisha upya kimoja kimoja. Kwa kizibao, iache.

Anayekaa Midlands yuko jirani na mahali ugomvi huu wa mashine na ribu ulipoanzia. William Lee wa Calverton, Nottinghamshire, alitengeneza fremu ya kufuma soksi mwaka 1589, na fremu ile ilifuma bapa tupu, bila ribu. Ribu ilisubiri hadi mwaka 1759, Jedediah Strutt wa Derbyshire alipopata hataza ya kifaa kilichoongeza seti ya pili ya sindano. Mnunuzi wa leo anaulizwa swali lile lile la Strutt: una safu ya pili ya sindano au huna?

Mashine za nyumbani zinazopatikana kwa wingi Uingereza ni za Kijapani: Brother, ambayo iliacha kuzitengeneza miaka ya mwisho ya 1990, na Knitmaster, jina ambalo Silver Reed ilijulikana nalo hapa. Aina ya kawaida ina sindano 200 zilizoachana milimita 4.5, inapokea kadi ya matundu kwa ajili ya nakshi, na haitumii umeme: unasukuma kigari kwa mkono, kushoto kulia, kushoto kulia. Mtu aliyewahi kuingia kwa mafundi wa sweta za shule Nairobi au Nakuru anaifahamu sauti yake. Ikiwa na safu moja ya sindano, iliyotumika, hupatikana kwa pauni 100 hadi 200, na pengine chini ya hapo pale warithi wanapotaka kusafisha dari ya bibi yao.

Safu moja inatosha kwa kizibao chenye mwili bapa na ribu pindoni tu. Unafuma bapa, kisha mistari 20 ya chini unaigeuza kwa sindano ya mkono yenye ulimi. Hiyo ni kama vitanzi 1,500 kwa kila upande, kazi ya jioni moja. Lakini kizibao cha ribu mwili mzima kwa njia hiyo ni kama vitanzi 15,000 mbele na 15,000 nyuma. Hapo umenunua mashine ili ufume kwa mkono. Wapo wanaokwepa kwa kuacha sindano moja bila kazi kila baada ya mbili, na kitambaa kinatoka na mistari inayofanana na ribu. Kwa macho inapita. Ivute, haina nguvu ya kurudi, na baada ya kufuliwa mara kadhaa pindo linaning'inia.

Kwa hiyo kizibao cha ribu mwili mzima kinadai safu mbili. Ya pili inafungwa mbele ya ile kuu, zikatazamana kama pande mbili za paa la nyumba, na kigari cha chini kinaunganishwa na cha juu vikaenda pamoja. Seti kamili iliyotumika, mashine pamoja na safu ya pili, iwekee pauni 250 hadi 500 kulingana na hali na haraka ya muuzaji. Mpya kutoka Silver Reed, yaani SK280 na safu yake SRP60N, inavuka pauni 1,000, na sioni sababu ya mwanafunzi wa kazi hii kuingia huko. Silver Reed pia wana LK150, ya plastiki, nyepesi, sindano 150 za milimita 6.5, inayopenda uzi mnene wa DK. Ni nzuri kwa anayejifunza, ila kiwanda hakikuitengenezea safu ya pili. Wengi huiona bei yake, wakafurahi, kisha wakaikosa ribu.

Mswisi naye ana jibu lake. Passap Duomatic imezaliwa na safu mbili, na badala ya vyuma vya kuvuta kitambaa chini ina vifaa vinavyokishikilia vitanzi vinapofumwa. Kwa ribu tupu naipa nafasi ya kwanza kwa ubora wa kazi. Kwa mtu wa Birmingham anayeanza leo naishusha: ni nzito, ina lugha yake, na msaada wa kujifunza na vipuri ni mwepesi kupatikana kwa Brother na Knitmaster.

Ukishaamua, ukaguzi ndio unaookoa pesa, na sehemu mbili ndizo zinazokula wanunuzi. Kwanza ni ufito wa sponji, chuma chembamba kinachopita ndani ya safu kuu juu ya sindano na kuzikandamiza zisiruke. Mwombe muuzaji auvute nje kutoka ubavuni, unatoka wote kwa mkono mmoja. Sponji nzima imevimba kupita kingo za chuma na ukiibonyeza inarudi. Iliyokufa imelala bapa, imegeuka rangi ya chai, inanata kidoleni, na sindano zinachezacheza hata kabla hujagusa kigari. Usiogope mashine yenye sponji iliyokufa. Karibu zote zilizokaa darini zimefika huko, na ufito mpya unauzwa kwa bei isiyotisha. Mwambie tu muuzaji kwamba umeiona, bei ishuke. Usikubali akuthibitishie uzima kwa kusukuma kigari kwa nguvu juu ya sponji hiyo, maana sindano zitapinda mbele ya macho yako.

Pili ni mkono wa kuunganisha vigari viwili. Ni chuma kidogo, kinatolewa kila unapofuma bapa, na kwa hiyo ndicho kinachopotea. Bila hicho safu ya pili ni pambo. Na usidhani utakiazima: cha Brother hakikai kwenye Knitmaster, na safu ya pili yenyewe ni ya kampuni moja na nafasi moja ya sindano. Ulizia pia kitana cha kuanzishia ribu pamoja na waya wake, vyuma vya uzito, na mabano ya kufungia kwenye meza. Mafuta yaliyoganda ndani ya kigari yanaondoka kwa subira na kitambaa. Kutu kwenye njia za sindano haiondoki.

Uzi nao una siasa yake. Madonge ya gramu 50 ya dukani yanapendeza mkononi, lakini kwa mashine ni usumbufu: kila donge linaisha katikati ya kazi. Wafumaji wa mashine hununua koni. Watengenezaji kama J.C. Rennie wa Scotland na wauzaji kama Yeoman Yarns wa Leicestershire wamezoea wateja wa namna hiyo. Leicester yenyewe ni mji wa nguo za kufumwa. Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 baadhi yao waliishia kwenye viwanda vyake vya soksi na sweta, ingawa halmashauri ilikuwa imelipa tangazo ndani ya gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije.

Tuseme koni ya gramu 500 ya sufu ya mwanakondoo ni pauni 32, na kizibao kinakula gramu 300. Sufu ya kizibao ni pauni 19 na senti kidogo. Kwa madonge sita ya pauni 4, ni 24. Tofauti ni ndogo, na ukibaki na gramu 200 za koni usizozitumia, umepoteza faida yote. Koni inaanza kulipa unapofuma zaidi ya kimoja kwa rangi moja. Kuna jingine: sufu ya koni mara nyingi hutoka kiwandani na mafuta, ikiwa ngumu na nyembamba, yenye harufu ya zizi. Ikifuliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, inafunguka, inavimba, inakuwa laini. Kwa sababu hiyo kipande cha majaribio ni lazima. Fuma vitanzi 40 kwa mistari 60, kifue, kikauke kikiwa kimelazwa, kipumzike usiku mzima, ndipo ukipime bila kukivuta. Ribu iliyotoka mashineni ikiwa imeninginizwa na vyuma inadanganya kwa urefu na kwa upana pia. Na mashine ya milimita 4.5 haipendi uzi wa DK kwenye ribu. Ukilazimisha, kigari kinakwama.

Sasa hesabu. Seti ya pauni 300, sponji na sindano chache za akiba 30, jumla 330. Kila kizibao kinakuokolea pauni 36 dhidi ya kile cha 55 cha dukani. Pesa yako inarudi kwenye kizibao cha kumi, na hapo hujajilipa hata senti. Hilo ndilo jibu wanalolitoa wengi, kisha wanafunga daftari. Mimi nalipinga kidogo. Mashine hizi zimeshaporomoka bei zamani. Iliyotunzwa, yenye vipande vyote, ukiiuza mwakani kwa pauni 250 itakuwa imekugharimu 80 tu, na kizibao cha tatu kimeshazirudisha. Mpya haikupi nafasi hiyo. Ndiyo maana kipande kimoja kilichopotea kinaumiza mara mbili: siku ya kununua na siku ya kuuza.

Saa je? Kigari kinapiga mistari 240 kwa muda unaokaribia robo saa. Usishangilie. Kinachokula siku ni kuanzisha vitanzi, kuhamisha vyuma, kupunguza kwapa, kugawa shingo ya V, kufuma bendi za shingo na mikono, na kuunga mabega na ubavu kwa mkono. Fundi aliyezoea atamaliza kwa saa tano. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa aliyetimiza miaka 21; zidisha mara tano upate 61, ongeza sufu 19, ni pauni 80 kabla ya faida. Kwa hiyo fundi wa hapa Birmingham akikuomba pauni 85 hajakuibia, na wewe unayefikiria kuuza vizibao kwa 50 fikiria tena.

Kumtumia fundi wa nyumbani ni njia ninayoipenda kuliko inavyostahili kihesabu. Mafundi wa sweta za shule Kenya wana mkono wa ribu usio na mfano. Wanapiga pindo na shingo mwaka mzima. Lakini uzi wao karibu wote ni akriliki. Beba koni zako mwenyewe. Mbili zinatoa vizibao vitatu. Mpe fundi vipimo vya baada ya kufua pamoja na kile kipande chako cha majaribio, la sivyo atafuma kwa mazoea ya akriliki na kitatoka kipana. Vizibao virudi ndani ya sanduku la msafiri: anayeingia Uingereza kwa ndege anaruhusiwa bidhaa za matumizi yake au zawadi hadi pauni 390 bila kodi. Kwa posta, zawadi inayozidi pauni 39 inadaiwa VAT, na kizibao ulichokilipia wewe mwenyewe si zawadi, hata fundi akiwa shangazi yako.

Kuhusu mahali pa kununua mashine: ukinunua kwa mfanyabiashara kwa njia ya mtandao, una siku 14 za kughairi, na ikiwa mbovu una siku 30 za kuirudisha urejeshewe pesa zote. Ukilipa kwa kadi ya mkopo bidhaa inayozidi pauni 100, benki nayo inawajibika. Ukinunua kwa mtu binafsi, kinga yako ni ndogo, hasa kwamba bidhaa ifanane na alivyoieleza. Basi mfanye aieleze kwa maandishi: safu ya pili ipo, mkono wa kuunganisha upo, kigari kinatembea. Kisha nenda na uzi wako mwenyewe, ufungiwe safu zote mbili mezani, ufumiwe mistari kumi ya ribu mbele yako. Akisema hana nafasi ya kufanya hivyo, mlipe bei ya mashine ya safu moja au muage.